Uzi: Ford ya 1930 inazima kabla ya Maji ya Chai, ikipoa inawaka. Inasumbuliwa na nini?

#1 KahawaChungu (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina Ford Model A ya mwaka 1930. Ikiwa baridi haina shida, inawaka vizuri. Natoka nayo Moshi asubuhi, nashuka Kikafu, napandisha mpaka Boma Ng'ombe inaimba tu. Tukishapita njia panda ya KIA tukaanza kupanda kuelekea Kikatiti, inaanza kukohoa, nguvu inakatika kidogo kidogo, na kabla ya Maji ya Chai inazima kabisa. Nafungua boneti, watu wanajaa, wanapiga picha zao, baada ya robo saa hivi inawaka utadhani haikuwa na neno. Mbele kidogo inarudia.

Maji hayachemki. Oili ipo. Petroli zaidi ya nusu tangi. Kabureta imesafishwa, plagi mpya. Jumapili ya mwisho wa mwezi klabu yetu ya magari ya kabla ya vita inakutana Njiro na sitaki kuingia tena pale nikivutwa na Noah mbele ya watu. Ni nini hii?

#2 Fundi wa Unga Limited
Kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kwenye mfumo wa cheche. Ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Weka mpya, uje hapa useme asante.

#3 Meku wa Kibosho
Nimevuta kiti. Gari ya umri wa babu yangu inapandisha Kikatiti, halafu kuna kijana hapa jirani ana IST analalamika eti mlima mkali.

#4 Mhandisi Mstaafu (Tengeru)
Fundi, usiharakishe. Petroli tunayonunua leo inageuka mvuke mapema kuliko ile iliyouzwa wakati gari hilo linatengenezwa. Uwanja wa ndege wa KIA uko kama mita 890 hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama 1,400. Kadiri unavyopanda, kila kimiminika kinachemka mapema. Hata maji ya chai ukiwa Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Sasa ongeza jua la saa tano, mwendo mdogo wa kupanda, na mrija wa petroli unaopita karibu na menifodi, bomba la moto la injini. Mvuke unajikusanya ndani ya mrija, petroli haipiti. Ukisimama robo saa mvuke unarudi kuwa petroli, gari inawaka. Dalili zake ni hizo hizo.

#5 Fundi wa Unga Limited
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Model A haina pampu ya petroli. Tangi lipo juu, mbele ya kioo cha dereva, petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake. Mvuke unasumbua gari ambazo pampu inanyonya kutoka tangi la nyuma, ndiyo maana Ford V8 za 1932 kuja juu zinalia sana. Kwenye hii mvuke ukitokea unapanda kurudi tangini.

#6 Mhandisi Mstaafu (Tengeru)
Marahaba. Unapanda kama mrija umelala sawasawa. Ukiwa na tumbo mahali, au fundi aliukunja kupisha kitu, povu linakwama hapo, na uzito wa petroli kutoka tangini ni mdogo, urefu wenyewe haufiki hata mita. Halafu kuna kuchemka ndani ya kikombe cha kabureta chenyewe. Hujanijibu hilo.

#7 Chalii wa Sakina
Wazee wa zamani walikuwa wanabana vibanio vya nguo kwenye mrija. Vile vya mbao. Wanasema joto linaingia kwenye kibanio badala ya petroli. Nimeona kwa macho yangu gari ya mzungu mmoja pale Usa River ina vibanio nane na haizimi.

#8 Fundi wa Unga Limited
#7 na ukiianikia na shati juu je?

#9 Binti Machame
Habari zenu. Mimi nina Austin Seven ya baba, hao wadogo wa cc 747, na nimepitia habari ya kondensa mpaka nikachoka. Kwa hiyo niseme kitu kuhusu #2. Kondensa ikifa gari haikohoi kidogo kidogo. Inakata ghafla, au inapiga mishindo kwenye ekzosi watu wanakimbia. Yangu ilikatia katikati ya mzunguko wa YMCA pale Moshi, polisi wa usalama barabarani akanisaidia kusukuma huku anacheka. Nilifunga kondensa ya gari jingine kabisa, ya zamani yenye platini, maana nyingi zina uwezo wa mikrofaradi 0.2 mpaka 0.25 na injini haijui imetoka wapi. Tangu siku hiyo haijarudia.

Lakini KahawaChungu anasema nguvu inakatika *kidogo kidogo*. Hiyo ni njaa ya petroli. Umeme unakata, petroli inafifia. Tuanzie hapo.

#10 Mzee wa Reli
Binti amesema la maana. Sasa mimi nauliza swali moja: KahawaChungu, si wewe uliyepaka gari rangi mwaka jana ukang'arisha na kifuniko cha tangi? Kile kifuniko kina kitundu cha kupitisha hewa. Rangi au nta ikiziba, petroli inashuka lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake, tangi linaanza kuvuta kwa ndani, mwisho petroli inagoma kushuka. Ukisimama hewa inapenya polepole, gari inawaka. Haihusiani na joto wala mlima, ni suala la muda tu. Kutoka Moshi inakuchukua muda huo huo kufika hapo ndiyo maana inazimia hapo kila siku. Siku ikizima usiguse kitu. Fungua kifuniko. Ukisikia *fssss*, umemaliza kazi.

#11 Meku wa Kibosho
Huyo alipaka rangi mpaka nati za magurudumu. Kifuniko kitapona vipi?

#12 KahawaChungu
Mzee wa Reli shikamoo. Kifuniko kilipelekwa kung'arishwa, ni kweli. Nitajaribu.

#13 Lori la Mbege
Nyie wa Model A mna shida za kisasa. Mimi Model T yangu, Ford iliyotangulia hiyo yenu, mlima ukiwa mkali nageuza napanda kinyumenyume, basi. Tangi lipo chini ya kiti, ukipanda kwa mbele petroli haifiki kwenye injini, ukipanda kwa nyuma inafika. Na gia ya nyuma ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

#14 Mhandisi Mstaafu (Tengeru)
Kwa T yako sawa. Ila wanaosoma wasidhani T zote ni hivyo: zile za 1926 na 1927, karibu miundo yote, tangi lilihamishiwa mbele ya kioo, zinapanda kwa pua. Ford walitengeneza T kuanzia 1908 mpaka 1927, zaidi ya milioni 15, haziwezi kuwa na tabia moja.

#15 Lori la Mbege
Yangu ya 1924, kwa hiyo nimesema kweli.

Kwa kuwa tumefika kwenye T, niwape na onyo la harusi. Desemba Wachagga wote wamerudi nyumbani, mji umejaa, kila bwana harusi anataka gari ya zamani. Nikamkodishia mmoja kwa sharti naendesha mwenyewe. Mjomba wa bwana harusi, dereva wa fuso miaka yote, akasema hawezi kuendeshwa na mtu mwingine siku ya mwanawe. Nikamweleza: pedali ya kushoto ndiyo gia, ya katikati ni kurudi nyuma, ya kulia ni breki, na mafuta unayaongeza kwa mkono, kile kijiti kwenye usukani. Akasema ameelewa. Tukafika karibu na kanisa, akataka kusimama, akakanyaga ya katikati. Gari ikaanza kurudi nyuma kuwafuata wapiga matarumbeta. Video ipo, wengi mmeshaiona.

#16 Mama Njiro
Ile video ndiyo iliyofanya mume wangu akubali niingie kwenye klabu. Alisema kama wanacheka hivi, kaingie.

#17 Mwana 404
Wakuu naombeni nafasi. Nina Peugeot 404 ya marehemu mzee, imetunzwa, karatasi zote zipo. Ni gari ya zamani kabisa, kabla ya vita. Naweza kujiunga?

#18 Binti Machame
Vita gani kaka? Ya Kagera?

#19 Mzee wa Reli
Hahaha. Mwana 404, gari yako ni ya heshima na hakuna anayeidharau. 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, na Bert Shankland aliyeichukua ile ya 1966 na 1967 alikuwa mtu wa huku kwetu Tanzania. Lakini ilianza kutengenezwa 1960. Sisi mpaka wetu ni vita ya pili ya dunia.

#20 Mwana 404
Na yule mwenye Land Rover ya bati aliyekuja mkutano uliopita mbona mlimpa chai?

#21 Mzee wa Reli
Chai tunampa kila mtu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Hata yeye hapigi kura.

#22 Lori la Mbege
Hapo napo pana utata wenu. Vita ilianza Septemba 1939. Lakini Marekani viwanda viliendelea kutengeneza magari ya raia mpaka Februari 1942. Mtu akija na Chevrolet ya 1941 mtamwambiaje? Ulaya watu wanapigana, Detroit wanapaka rangi. Ni kabla ya vita au siyo? Waingereza wenyewe wana klabu ya tangu 1934 ambayo mpaka wao wa vintage ni mwisho wa 1930, kwa hiyo nusu ya magari yetu kwao ni watoto.

#23 Mama Njiro
Hili tulilijadili saa mbili pale Njiro mpaka nyama ikapoa. Naomba lisirudi.

#24 Fundi wa Unga Limited
Turudi kwenye gari. KahawaChungu umeshabadilisha kondensa?

#25 Seremala Majengo
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mnahangaika na petroli, sisi wenzenu tunahangaika na mchwa. Kuna Chevrolet ya 1931 ililetwa kwangu kutoka shamba moja la mkonge. Mwenyewe aliambiwa "bodi nzima". Kwa macho ni nzima kweli, bati lina kutu kidogo tu. Nikafungua mlango, mlango ukabaki mkononi. Wengi hawajui kwamba hizo Chevrolet bodi yake ni bati lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao: nguzo za milango ni mbao, sakafu mbao, paa mbao na turubai. GM, wenye Chevrolet, wameleta paa la chuma 1935. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu wakaacha rangi na bati. Ukigonga unasikia unga unamwagika ndani.

Nimeichonga upya yote kwa mninga. Kila kipande nilikuwa napima kwenye bati lenyewe, maana hakuna mchoro, na kipande cha zamani kimebaki vumbi. Upande wa kushoto haufanani na wa kulia, hata kiwandani hawakuwa makini sana, kwa hiyo huwezi kuchonga kimoja ukageuza. Kona ya juu ya mlango wa nyuma ndiyo iliyonila muda kuliko zote. Sasa kuna mjumbe humu, simtaji, anasema gari siyo halisi tena kwa sababu mninga hauoti Marekani.

#26 Meku wa Kibosho
Akupe basi mti wa Marekani aone mchwa watakavyofurahi.

#27 Mhandisi Mstaafu (Tengeru)
Mjumbe ni mimi, na sikusema hivyo. Nilisema iandikwe kwenye kumbukumbu za gari kwamba mbao ni mpya na ni mninga. Mtu atakayeinunua miaka hamsini ijayo asidanganyike. Kazi yenyewe ni nzuri, nimeishika.

#28 Seremala Majengo
Nimeiandika kwa kalamu ya risasi ndani ya nguzo ya mlango. Mchwa wakiingia watasoma.

#29 Spea Pasua
Nimefuatilia kimya kimya. Kuna sababu nyingine ambayo hamjaitaja. Kutu ndani ya tangi. Tangi la chuma la karibu miaka mia, limekaa kavu miaka mingi, ndani linabanduka magamba. Gari ikitembea gamba linavutwa na mkondo, linaenda kulala kwenye tundu la kutokea. Petroli inapungua kidogo kidogo (Binti Machame hapo #9 yuko sahihi), gari inakufa. Hakuna tena mkondo wa kulivuta, gamba linaachia linaondoka. Robo saa baadaye unawasha, unasifu kondensa au kifuniko au vibanio. Kusafisha kabureta hakusaidii kwa sababu gamba ni kubwa, halifiki huko.

Kupima: asubuhi, injini baridi kabisa, chomoa mrija kwenye kabureta, kinga chupa, fungua koki. Petroli inatakiwa itoke mfululizo mpaka umechoka kushika chupa. Ikianza vizuri halafu ikasinyaa, una jibu.

#30 Binti Machame
Na hiyo "injini baridi" msiiruke wapendwa. Petroli ikidondokea menifodi ya moto hapo barabarani tutakuja kuwachangia.

#31 Fundi wa Unga Limited
#29 mbona ikishapoa inatembea tena mpaka mbali? Gamba lingerudi hapo hapo.

#32 Spea Pasua
Linarudi likipenda. Halina ratiba ya basi.

#33 Kijana Mpya Arusha
Shikamooni. Mimi sina gari wala sitarajii kuwa nayo karibuni, ila nawapenda. Naruhusiwa kuja Jumapili?

#34 Mama Njiro
Marahaba, njoo. Nusu ya wanaokuja hawana gari, na kusukuma kunahitaji watu. Ila usishike hendeli ya mtu kabla hujafundishwa. Kwanza mwenye gari apandishe kijiti cha cheche juu kabisa ili cheche ichelewe. Ikiwahi, injini inarudi kinyume na hendeli inakupiga. Pili, dole gumba lako lilale upande mmoja na vidole vingine, lisizungushe mkono wa hendeli. Tatu, unavuta kwenda juu, husukumi kwenda chini. Kaka yangu alisukuma, akakaa na plasta mpaka Pasaka.

#35 Mhandisi Mstaafu (Tengeru)
Na KahawaChungu, kitu kingine: ukipanda huko unagusa kile kitufe cha kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa? Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Moshi. Ukiacha kitufe kilivyokuwa Moshi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, plagi zinajaa masizi, nguvu inapungua. Kifunge kidogo kidogo unavyopanda. Sisemi ndiyo ugonjwa, ila unaweza kuwa unauongezea.

#36 KahawaChungu
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilitoka jana. Ikaanza kukohoa palepale. Nikasimama, sikugusa kitu, nikafungua kifuniko: *fssss*. Mzee wa Reli, ulikuwepo moyoni. Nikawasha papo hapo bila kusubiri, ikawaka. Nikafunga kitambaa badala ya kifuniko, nikapita Maji ya Chai kwa mara ya kwanza, napiga honi.

Ikazima Usa River.

Hapo kitambaa kipo, hewa inaingia, hakuna *fssss* yoyote. Nikagusa koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche: moto, mkono haukai. Nikagusa mrija: moto. Nikasubiri, ikawaka, nikafika Tengeru nikageuza.

#37 Mzee wa Reli
Kifuniko ndicho. Umetoka Maji ya Chai mpaka Usa River kwa sababu yangu.

#38 Fundi wa Unga Limited
Umesema koili haishikiki. Nilisema umeme tangu #2.

#39 Mama Njiro
Ulisema kondensa.

#40 Fundi wa Unga Limited
Kondensa ikichoka na koili inateseka. Ni familia moja. Ikizima tena, chomoa waya mnene unaotoka koili kwenda distribyuta, mtu azungushe hendeli, angalia cheche. Ikiwa ya buluu na inapiga kwa sauti, nitanyamaza. Ikiwa ya njano na nyembamba, nitumie hela ya soda.

#41 Mhandisi Mstaafu (Tengeru)
Mrija nao haushikiki, na hilo limepita kimya. Kutoka njia panda ya KIA mpaka Usa River umepanda, na jua lilikuwa limepanda pia. Saa ngapi ilikuwa?

#42 KahawaChungu
Saa sita kasoro.

#43 Mhandisi Mstaafu (Tengeru)
Basi.

#44 Spea Pasua
Chupa umekinga?

#45 KahawaChungu
Bado. Nitakinga kesho asubuhi. Halafu kuna jamaa pale Tengeru aliniambia gari hii imetoka Marekani ndiyo maana haivumilii milima yetu. Kweli?

#46 Lori la Mbege
Usukani wako upo kulia, au siyo? Basi kuna uwezekano mkubwa imetoka Kanada. Makoloni ya Waingereza mengi yalikuwa yanapelekewa Ford za Kanada. Angalia namba ya injini ubavuni kushoto. Ikianza na CA ni ya Kanada. Ikianza na AF ni ile ya Uingereza yenye silinda nyembamba, walipunguza kwa sababu ya kodi yao, na hapo kweli milima ingekusumbua maana injini ina lita 2 tu badala ya 3.3.

#47 KahawaChungu
CA.

#48 Meku wa Kibosho
Kanada kuna milima kuliko hapa. Haina kisingizio.

#49 Chalii wa Sakina
Kimya kimya naona mrija umekuwa moto. Vibanio ninavyo, vya mbao, dazani nzima. Nitakuja navyo Jumapili.

#50 Fundi wa Unga Limited
Mimi nitakuja na kondensa na koili. Tutaona.

#51 Binti Machame
Mimi nakuja na kamba. Na aliyeniahidi tairi la 4.75 inchi 19 kwa ajili ya rafiki yangu wa Himo mbona kimya? Safari hii msinitumie picha ya tairi la inchi 21, hilo ni la Model A za 1928 na 1929. Yake ni 1931.

#52 Spea Pasua
Ninalo moja. Bei tuongee pembeni, humu kuna watu wa Arusha.